Kivuli Kinachozunguka Kushoto

Haya, sogea nikutegee kimoja. Nina mguu mmoja na soksi moja, kiatu sijawahi kuvaa, na hakuna mgeni anayekanyaga kwetu kabla hajanitazama. Mimi nani?

Fikiria kidogo. Ukishindwa, mji wako sikuombi, nitakwambia bure. Ni ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye nguzo pale kiwanja cha ndege, unaomwonyesha rubani upepo unatokea wapi. Watu wa kiwanjani waliuita soksi, na mwanamke aliyeushona wakamwita Mama Soksi. Hakuchukia. Alisema wapo wanaoitwa kwa vitu vibaya zaidi, na vinawafaa.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo mwekundu uliosindiliwa, majani pembeni, na mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha njia ya ndege inapoanzia. Upande mmoja palikuwa na barabara na shule, upande wa pili shamba la alizeti. Mnara wa kuongozea ndege hakikuwa nao. Hapakuwa na mtu wa kumwambia rubani wewe shuka, wewe ngoja. Marubani waliambiana wenyewe. Aliyefika alizunguka kiwanja kwa kushoto, maana rubani hukaa kiti cha kushoto na huko ndiko macho yake yaliko, akasema kwenye redio yuko wapi na anataka kufanya nini, kama mtu anayepiga hodi. Aliyekuwa mbele alishuka kwanza. Wa nyuma alingoja, hata kama amembeba waziri.

Chini, Mzee Filimbi alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi ili mbuzi watoke njiani. Mbuzi walikuwa wameshaizoea kiasi kwamba wengine walihama kabla hajaitia mdomoni, na yeye alilalamika kuwa wanamfanya aonekane hana kazi.

Kazi iliyobaki, ile ambayo kwingine hufanywa na mnara, ilifanywa na benchi. Benchi lilikuwa kibarazani, mbele ya chumba cha abiria, kando ya cherehani ya Mama Soksi. Rubani akishashuka aliketi hapo, akapewa chai ya rangi, akaulizwa swali moja, lilelile siku zote.

"Umemwona nani huko juu?"

Naye alijibu. Nimemwona fulani, yuko nyuma yangu, amebeba magodoro. Nimemwona mwingine amegeuka, mvua imemzuia. Anayetaka kuruka alikaa pembeni akisikiliza, akajua hewa ina watu gani. Haikuandikwa popote kwamba lazima ujibu, lakini hakuna aliyewahi kuinuka kwenye benchi lile bila kujibu. Ingekuwa kama kuingia kwa watu, ukala, ukaondoka bila kusalimia.

Mama Soksi alikuwa na kijana wake wa mwisho, rubani wa ndege ndogo iliyochakaa. Alibeba maboksi ya vifaranga wa siku moja, akiwapelekea wafugaji wa mbali, ndiyo maana wakamwita Vifaranga. Alinuka vifaranga hata siku ya harusi ya dada yake. Mama yake alimsugua shingo kwa limau kabla ya kwenda ukumbini, na bado shangazi zake walikaa meza nyingine.

Rafiki yake waliyesomea naye urubani alipata kazi nono zaidi. Huyo walimwita Kepteni. Wakati wa masomo, kwao kukiwa mbali, alikula na kulala kwa Mama Soksi, akamwita mama, na mama akamgombeza kama alivyomgombeza wa kwake, hasa kuhusu soksi zake, zile za miguuni. Sasa aliendesha ndege kubwa nyeupe ya Bosi. Bosi alikuwa mtu mwenye malori, machimbo, na shemeji katika kila ofisi. Akiwa hewani alikula mayai ya kuchemsha, moja baada ya jingine, na maganda aliyatia kwenye mfuko wa kiti cha mbele.

Alasiri moja Mama Soksi alikuwa akirudishia mdomo wa soksi uliochanika. Redio ya mkononi ya Mzee Filimbi ilisema kwa sauti ya Vifaranga kwamba yuko kushoto, anakata kona ya mwisho, anashuka. Mzee Filimbi akapuliza, mbuzi wakahama. Hapo ndege nyeupe ikatokea mashariki, imenyooka kama mkuki. Haikuzunguka. Haikupiga hodi. Iliingia kama mtu anayeingilia dirisha la chumbani. Ile ndogo ikakata pembeni kuikwepa, ikapotelea nyuma ya alizeti. Alizeti za mwaka ule zilikuwa ndefu, na kutoka kibarazani huwezi kuona ng'ambo yake. Mama Soksi alidhani mwanawe ameamua kuzunguka tena, kama wafanyavyo wakibanana.

Ndege nyeupe ilisimama mbele ya kibaraza. Bosi akateremka akijifuta kiini cha yai pembeni mwa mdomo, akaangusha karatasi aliyojifutia, akaikanyaga, akaingia garini. Kepteni akashuka nyuma yake. Mama Soksi alikuwa ameshamimina chai.

"Umemwona nani huko juu, baba?"

Kepteni alikitazama kikombe. Kisha akaenda garini, akakaa kiti cha nyuma karibu na Bosi, akafunga mlango. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke Mzee Filimbi alipotoka mbio kwenye alizeti, filimbi ikimpigapiga kifuani.

Walizika. Bosi alituma shada la maua ya plastiki lenye jina la kampuni yake, kubwa kuliko jina la marehemu.

Siku iliyofuata mazishi, alasiri, kivuli cha ndege ndogo kilitokea upande wa barabara. Juu yake hapakuwa na ndege. Kilipita kwenye paa la shule, kikavuka ua wa Mama Soksi, kikaingia kwenye alizeti, kikakata kona kushoto, kikaelekea njia ya ndege. Kilipokaribia mawe ya chokaa kikakoma. Kabla ya hapo, Mzee Filimbi alikuwa ameshapuliza filimbi.

"Unampulizia nani?" aliuliza muuza karanga.

"Kuna anayeshuka," alisema Mzee Filimbi.

Kesho yake kilirudi, na kesho yake tena. Siku za mawingu kilikuja vilevile, ila kilikuwa hafifu, kama chai iliyorudishiwa maji. Watu wakakizoea. Wanafunzi walikimbia nacho wakigombania nani yuko kwenye bawa. Mafundi waliokuwa wakiezeka nyumba ya mwalimu walipumzika kilipopita, wakasema kinapoza mgongo kuliko feni. Mama Soksi alisimama uani kwake, akakiacha kimpite shingoni, baridi kama kitambaa kibichi. Upepo ukiwa mkali alitazama jua akasema, "Leo amechelewa." Kilipotokea alirudi kwenye kazi yake.

Marubani nao walikipa nafasi yake. Kilikuwa mbele, kinazunguka kama inavyotakiwa, basi walingoja. "Nashuka nyuma ya Vifaranga," walisema kwenye redio, na benchini wakiulizwa wamemwona nani huko juu, walimtaja pamoja na wengine.

Aliyekerwa alikuwa Bosi. Ndege yake iliingia alasiri, na Kepteni, ambaye sasa alizunguka kwa adabu kama bwana harusi, alingoja kivuli kimalize. Katika kuzunguka huko yai moja lilimponyoka Bosi, likabingirika chini ya viti, na halikuonekana mpaka lilipoanza kunuka. Bosi akawapigia simu shemeji zake.

Kamati ya uchunguzi ikaja kwa msafara wa magari. Mwenyekiti wake alikuwa mwanamume mwenye shingo ya kutoka jasho, aliyejipangusa kwa leso kisha akaikamua. Walikaa kwenye chumba cha abiria, wakafunga madirisha kwa sababu ya vumbi, na chumba kikajaa pumzi zao. Mchana wakataka kuku.

Mzee Filimbi aliwaambia kuku wa karibu ni wa Mama Soksi, na wale si kuku wa kuchinja. Ni vifaranga waliookotwa kwenye alizeti siku ile, wakitembea na kulia kati ya mabati ya ndege. Mama aliwakusanya kwenye khanga, akawalea. Wamekua.

"Pole zake," alisema Mwenyekiti. "Ni wale wenye nyama laini?"

Mzee Filimbi alisema mkono wake hauwezi kuwashika. Dereva wa Mwenyekiti, ambaye mkono wake uliweza, akaruka uzio.

Walikula. Walifyonza mifupa kwa mlio mpaka ikawa mikavu, wakairundika juu ya meza ya kupimia mizigo, na mafuta yakatiririka mpaka kwenye mzani. Mjumbe mmoja, akichokonoa jino kwa ukucha, alisema utamu wa nyama hii huenda umetokana na kwamba iliwahi kuruka. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, wenzake wakampiga mgongoni kwa mikono yenye mchuzi. Mama Soksi alikuwa kibarazani akifagia. Alifagia mpaka mlangoni.

"Samahani," alisema. "Kepteni mmeshamuuliza?"

"Kepteni ni mtu mwenye shughuli, mama."

"Nami nilikuwa na shughuli. Lakini nilimsikia mwanangu kwenye redio akipiga hodi. Mzee Filimbi alisikia. Mbuzi walisikia."

"Kilichosikika chini si ushahidi wa kilichosikika juu," alisema Mwenyekiti, akabeua, akaomba radhi kwa wajumbe.

Jioni ile walitoka kibarazani kusoma kanuni mpya, Mwenyekiti akiwa na kijiti cha meno mdomoni, kikipanda na kushuka kwa kila neno. Viwanja visivyo na mnara sasa vingezungukwa kwa kulia. Ndege nzito ikiwa na haraka ingeingia moja kwa moja, nayo nyepesi ingeipisha. Kivuli kisicho na ndege hakingehesabiwa kuwa ndege, hata kama kina mabawa. Na kuwauliza marubani walichoona hewani kungekuwa kazi ya watu wenye cheti, kwa hiyo benchi lingeondolewa. Haya yote, alisema, yameanza kutumika tangu kabla ya mvua zilizopita.

Mvua zilizopita zilinyesha kabla Vifaranga hajaanguka.

"Kanuni inarudije nyuma?" aliuliza Mzee Filimbi.

"Hata ndege hurudi nyuma," alisema Mwenyekiti. "Si husukumwa?"

Wajumbe wakacheka tena. Basi ikawa hivyo. Kijana aliyezunguka kushoto siku ambayo kila mtu alizunguka kushoto alikuwa amekosea njia, hakupisha ndege nzito, na kuanguka kwake kulikuwa kosa lake. Walimfutia leseni. Kisha Mwenyekiti akamkabidhi Mzee Filimbi onyo la kukisomea kivuli, maana kilikuwa kinaendelea kuvunja kanuni mbele ya kamati nzima.

Kesho yake, alasiri, Mzee Filimbi alisimama kwenye mawe ya chokaa, akavua kofia, akasoma onyo kwa sauti. Kivuli kikaja, kikampita kuanzia kisogoni hadi viatuni, kikakoma.

"Amesikia?" Mwenyekiti aliuliza akiwa ndani ya gari, kioo kikiwa nusu.

"Amepita," alisema Mzee Filimbi.

"Andika amesikia," Mwenyekiti alimwambia mjumbe.

Walipoondoka waliondoka na benchi. Mwenyekiti alikuwa amelipenda, akasema litafaa bustanini kwake. Miguu ya benchi ilichomoza nyuma ya gari, na palipokuwa na benchi pakabaki alama nne kwenye saruji na ganda moja la yai, ambalo hakuna aliyejua nani amelitupa.

Mama Soksi alihamishia cherehani nyumbani, uani, ng'ambo ya uzio. Bado alitakiwa kushona soksi. Kampuni ya Bosi ilikuwa imejitolea kitambaa, cheupe, chenye nembo yake, na upepo ukivuma nembo ilivimba mpaka ukaiona toka shuleni.

Marubani wakazunguka kulia. Wengine walisema kizunguzungu kiliwashika, wengine kwamba jua linawapiga usoni, lakini wote walizunguka kulia, maana leseni ni mkate. Waliposhuka walipita haraka pale penye alama nne, macho yakiwa kwenye simu zao. Kivuli kiliendelea kuzunguka kushoto. Ikawa kila alasiri ndege nyeupe ikija huku, kivuli kinakuja kule, na mwisho wa kiwanja vinakutana uso kwa uso. Ndege ilipita katikati ya kivuli. Haikutikisika, ila ilinuka.

Ilikuwa harufu ya boksi la vifaranga lililofungwa safari nzima, unyoya mbichi na kinyesi cha moto. Ilikaa kwenye viti, kwenye zulia, kwenye mikanda. Bosi aliamuru ndege ioshwe kwa sabuni ya hospitali, kisha inyunyiziwe manukato yake mwenyewe. Vifaranga, manukato na mayai vikachanganyika, na mafundi waliofungua mlango walirudi nyuma wakiziba pua kwa mashati. Bosi alizoea. Alisema pua ni kama mfanyakazi, ukimpuuza ananyamaza. Akaendelea kumenya.

Kepteni hakuzoea. Alitapika kwenye mfuko, akafunga mfuko, akaandaa ndege kushuka. Alijiongezea tundu kwenye mkanda kwa msumari, kisha jingine. Sare ikamning'inia kama ya kuazima.

Siku moja, jua likiwa bado juu ya shule, alipenya pale uzio ulipotoboka akaingia uani.

"Hodi, mama."

"Hodi zenu siku hizi zina kanuni," alisema Mama Soksi bila kuinua kichwa. "Karibu. Tafuta pa kukaa, benchi limeenda kustarehe kwa watu."

Kepteni akageuza ndoo, akaketi. Mama akamaliza mstari wa cherehani, akakata uzi kwa meno, akaingia ndani, akatoka na chai. Hakumuuliza kitu. Alimtazama mkanda.

"Umekonda."

"Nakula. Hakikai."

"Kwa hewa mnayovuta mle ndani, hata mimi nisingekaa."

Kepteni akakishika kikombe kwa mikono miwili. Alisema Bosi amempandisha cheo, sasa atawasimamia marubani wote wa kampuni, na atapewa nyumba yenye lango.

"Hongera," alisema mama. "Lango ni zuri. Anayekuja analazimika kugonga."

"Nitakachosema kibaki hapa, mama. Wakiniita mbele ya kamati nitasema sijawahi kufika kwako. Nina watoto."

"Na mimi nilikuwa na wangu. Sijakuita, baba. Kunywa chai, itapoa."

Ng'ambo ya uzio filimbi ililia. Mbuzi wakahama, mmoja akipiga chafya kwa vumbi. Kivuli kilishuka kwenye paa la shule, kikapanda uzio, kikazifanya nguo kwenye kamba ziwe za rangi ya jioni, kikawapita wote wawili. Kepteni aliziba pua kwa kiganja. Mama Soksi aliinamisha shingo kidogo, akangoja kipite, kisha akalowesha ncha ya uzi kwa mate, akaanza kutafuta tundu la sindano.

"Nilimwona," alisema Kepteni. "Alikuwa mbele yangu, kushoto, mahali pake. Bosi aliniambia niendelee, mdogo atapisha. Na yeye aliponitambua, akanipungia mkono."